Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi: Tunavyoandika Habari za Kupanda Milima



Huku niliko hakuna mlima. Sehemu ya juu kuliko zote katika Qatar nzima, Qurayn Abu al-Bawl, ina mita 103 tu kutoka usawa wa bahari. Mtoto wa Marangu akitumwa dukani anaweza kupanda zaidi ya hapo. Lakini habari za kupanda milima hapa zimejaa tele. Mwaka 2013 Sheikh Mohammed bin Abdulla Al Thani alikuwa Mqatari wa kwanza kufika kilele cha Everest, na mwaka 2022 Sheikha Asma Al Thani akawa mwanamke wa kwanza wa Qatar kufika huko. Wanafunzi wangu wakisikia natoka Tanzania, swali la kwanza ni lile lile: Kilimanjaro umeshapanda? Na ndugu zetu wa ughaibuni nao siku hizi wakienda likizo hawaishii kwa shangazi. Wanapanda, wanapiga picha, kisha wanaandika. Wengine wanaandika kwa Kiswahili kizuri kabisa, na hilo nalipongeza.

Tatizo ni kwamba ukisoma habari moja ya namna hii umesoma zote. Siku ya kwanza msitu, siku ya pili mvua, siku ya nne kichwa kinauma, usiku wa mwisho baridi na machozi, asubuhi kilele, bendera, picha, halafu funzo la maisha. Katikati wanapita watu wenye mahema na ndoo vichwani. Wanatabasamu, wanaimba, basi. Ukifika mwisho wa habari unajua mwandishi alikula nini siku ya tatu, lakini hujui chakula hicho kilifikaje mita 4,700.

Hoja yangu leo ni moja. Hii kasoro ni ya kifani, yaani imo katika umbo la simulizi lenyewe, na tumeirithi kutoka kwa Wazungu wa karne ya 19 bila kuikagua. Tena ina gharama kwa binadamu, maana mtu ambaye simulizi haimhitaji ni rahisi sana kumpunja. Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fasihi ya kupanda milima, kwa sehemu kubwa, ni fasihi ya watu wanaolisifia kanda la usufi. Naomba nipitie maandishi machache tuone.

Nianze na mwaka 1848. Tarehe 11 Mei mwaka ule Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona Kilimanjaro na weupe wake. Akamuuliza kiongozi wa msafara wake, ule weupe ni nini? Yule bwana akamjibu kwa neno moja la Kiswahili: baridi. Rebmann mwenyewe ameliandika. Ripoti yake ilipochapishwa mwaka 1849, mabingwa wa jiografia waliokaa vitini London, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, walikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Ubishi ule uliendelea kwa miaka mingi, mpaka wasafiri wengine walipokwenda kuona kwa macho yao.

Sasa tangu hapo kila mwandishi anayesimulia kisa hiki anamsifu Rebmann kwa kuona sawa na anamcheka Cooley kwa kukosea. Yule kiongozi wa msafara anabaki kama mtu wa pwani asiyejua theluji, maskini. Mie nasoma tofauti. Nadhani jibu lake ndilo bora kuliko yote yaliyotolewa katika ule ubishi. Mzungu aliuliza kwa macho, kiongozi akajibu kwa ngozi. Hakusema kitu kile kinafanana na nini, alisema kinamfanya nini mtu atakayekisogelea. Kwa mwenye dhamana ya kupeleka watu na kuwarudisha hai, hiyo ndiyo habari inayotakiwa. Na wala lugha haikuwa na upungufu wowote. Kiswahili kina theluji, tuliyoitoa katika Kiarabu, na kina barafu, tuliyoitoa katika Kiajemi. Hapa Doha neno thalji linatumika kwa theluji ya Everest na kwa barafu ya kwenye glasi ya juisi, na hakuna anayesema Waarabu hawajui tofauti.

Tena kumbukumbu za Rebmann, alizozichapisha tena mwenzake Krapf mwaka 1860, zina kisa kingine ambacho kingestahili kuwa ukurasa wa kwanza wa kila historia ya kupanda Kilimanjaro. Rengua, mtawala wa Machame, alituma kundi kubwa la watu wapande wakachunguze kitu kile cheupe. Aliyerudi hai ni mmoja tu, akiitwa Sabaya, na mikono na miguu yake ilikuwa imeharibiwa na baridi, imepinda moja kwa moja. Haya yalitokea kabla Rebmann hajakanyaga Uchaga.

Hebu tafakarini kidogo. Safari ya kwanza ya Kilimanjaro tuliyo nayo katika maandishi ina mtumaji aliyebaki nyumbani, ina watu waliotumwa, ina vifo, na ina shahidi mmoja aliyelemaa. Kilele hakimo. Kwa nini hatuanzii hapo? Kwa sababu umbo tulilorithi linadai kilele. Asiyefika kileleni hana hadithi, hata akiacha vidole vyake huko. Methali yetu inasema aisifuye mvua imemnyea. Sabaya ilimnyea, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Sasa tuje kwa Hans Meyer. Tarehe 6 Oktoba 1889 Meyer, Mjerumani wa Leipzig, na Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyekuwa bingwa wa milima ya Alps, walifika kilele cha Kibo, na Meyer akakiita jina la Kaisari Wilhelm. Kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata. Nakisema wazi: ni kitabu kizuri. Meyer anajua kutazama, anajua kupima, na hasifii taabu zake kupita kiasi. Ila msomaji makini atagundua kwamba ushindi wake haukutokana na mguu wala moyo peke yake. Meyer alikuwa ameshajaribu mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1888 alirudi na Oscar Baumann, lakini vita vya Bushiri vikawakuta, wakakamatwa na kulipiwa fidia. Safari ya tatu alibadili kitu kimoja kikubwa: chakula. Aliweka kambi juu, kwenye mita zaidi ya 4,000, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kuleta chakula na kuni. Kwa hiyo tarehe 3 Oktoba, walipofika ukingo wa bonde la kileleni wakiwa wamechoka na saa zimekwenda, waliweza kurudi kambini, wakala, wakalala, wakajaribu tena siku ya tatu yake. Waliotangulia hawakuwa na hiyo nafasi ya pili.

Na nani alikaa nao katika ile kambi ya juu? Mtu wa Pangani, Mwini Amani. Mswahili wa pwani, wa minazi na joto, akae siku zote zile kwenye baridi ile huku mabwana wawili wakienda na kurudi. Meyer anamtaja, anamsifu, na hapo anaonyesha utu kuliko wengi waliomfuata. Lakini angalieni kazi anayopewa Mwini Amani katika simulizi. Yeye ni uaminifu. Anangoja. Usiku, akiwa peke yake na upepo, aliwaza nini? Aliogopa nini? Alilipwa kiasi gani zaidi ya waliobaki chini? Simulizi haina pa kuyaweka maswali hayo, kwa sababu kamera, tuseme, imefungwa kwenye kofia ya Meyer. Ikitoka kambini, kambi inazimika.

Wengine mtasema, mbona tumeshajirekebisha, tunaye Yohani Kinyala Lauwo. Ni kweli, na hapa naomba kutofautiana na wengi. Wakati wa kuadhimisha miaka 100 ya safari ya Meyer, mwaka 1989, Mzee Lauwo wa Marangu alitambuliwa rasmi kuwa alikuwa katika safari ile, akapewa nyumba. Alifariki mwaka 1996. Ile heshima ilikuwa ya haki kwa mtu aliyeongoza wageni mlimani miaka mingi. Lakini tunapoandika kwamba alifika kileleni na Meyer, na kwamba alikufa na umri wa miaka 125, tunafanya uhakiki mbovu. Umri huo unazidi wa binadamu yeyote ambaye umri wake umethibitishwa, na kitabu cha Meyer kinataja watu wawili tu kileleni. Zaidi ya hayo, tunakubali kanuni ile ile iliyotuonea: kwamba ili mtu ahesabike lazima awe wa kwanza na lazima awe kileleni. Tumeingiza jina letu kwenye fomu ya Meyer bila kuuliza fomu hiyo imetungwa na nani. Mimi ningependa zaidi tujue Mzee Lauwo alibeba nini, alilipwa nini na alirudi na nini, hata kama hakuvuka mita 4,000.

Kenya mambo ni mazito zaidi. Halford Mackinder alifika Batian, mita 5,199, tarehe 13 Septemba 1899, pamoja na waongozaji wawili kutoka Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel. Vilele akavipa majina ya viongozi wa Kimaasai ambao hawakuwa na habari na safari yake. Simulizi yake ndefu haikutoka kama kitabu katika uhai wake, ilihaririwa na kuchapishwa mwaka 1991. Watafiti waliopekua karatasi zake wameonyesha kwamba kwenye orodha ya wapagazi Waswahili kuna majina manane yaliyoandikiwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Wanane! Kwa hiyo majina tunayo, lakini yapo kwenye daftari la hesabu, pembezoni. Kwenye mlima wenyewe wapo Batian, Nelion na Lenana. Mtu akiniambia kuwa fani ya simulizi ni mambo ya wasomi wasio na kazi, namwomba asome orodha ile.

Kuhusu majina, sisi nasi tulipopata uhuru tulifanya kazi nusu. Kilele cha Kaisari kikawa Uhuru, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akasimika bendera na mwenge huko juu, kama alivyokuwa ameahidi Mwalimu Nyerere miaka miwili kabla. Kibanda cha Bismarck kikawa Mandara. Kibanda cha Peters, yaani Carl Peters yule yule aliyenyonga watu Kilimanjaro, kikawa Horombo. Safi kabisa, nani atalilia jina la Peters? Lakini Mandara na Horombo ni mamangi. Tulimtoa mtawala wao tukaweka mtawala wetu. Mtu wa mzigo bado hana hata kibanda.

Sasa msije mkadhani kwamba Kiswahili hakina mfano wa kuandika vinginevyo. Kinao, tena wa zamani. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyiko wa safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Mojawapo ni ya Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake, Mjerumani Dk. Bumiller, mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Lyndon Harries aliirudisha mbele ya wasomaji mwaka 1965. Kwa msomaji wa habari za milima na nchi za mbali, andiko hili ni dawa. Kwa nini? Kwa sababu aliyeajiriwa kuhudumu ndiye msimulizi, na bwana ndiye mhusika anayepita. Ukiyaweka maandishi ya Salim na ya Meyer mezani pamoja unaona kwamba mwenye mzigo anaweza kubeba simulizi vilevile, na kwamba nathari yetu ya mwanzo kabisa ya kisasa ilishaanza na sauti hiyo. Tulikuwa mbele, halafu tukarudi nyuma.

Huko Himalaya nako yupo Tenzing Norgay. Alianza kazi mwaka 1935 kama mpagazi wa kawaida katika msafara wa Waingereza, akafika kilele cha Everest na Edmund Hillary tarehe 29 Mei 1953. Kusoma na kuandika hakujua, lakini alisimulia maisha yake na kitabu kikatoka mwaka 1955. Dunia nzima ilikuwa inamsakama na swali moja tu, nani alitangulia kukanyaga. Akajibu kwamba ni Hillary, yaishe. Kwa mpagazi wa zamani lile lilikuwa swali dogo, alikuwa na mengine ya kusema. Sisi Mwini Amani wetu hakupata mtu wa kukaa naye na kalamu.

Tuje leo. Wapagazi wa Kilimanjaro wanajiita wagumu. Mgeni mmoja kwa kawaida anahitaji watatu au zaidi. Kanuni ya hifadhi ni kwamba mzigo wa mgeni usizidi kilo 20 kwa kila mpagazi, na ndiyo maana mizani ipo langoni. Tangu mwaka 2003 kuna mradi mjini Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, unaofuatilia malipo na hali zao, na mojawapo ya kazi zake ni kuwaazima makoti na viatu bila malipo. Hebu lisomeni jambo hilo kama wahakiki. Miaka zaidi ya 170 tangu kiongozi wa Rebmann aseme baridi, bado kunahitajika mradi wa kumpa koti mtu anayebeba begi lenye makoti.

Na katika maandishi ya wapandaji wagumu wana maneno gani? Wana "pole pole", wana "jambo", na wana "hakuna matata" katika ule wimbo wa Them Mushrooms wa 1982 uliochomekwa jina la mlima. Basi. Mgeni anashuka akidhani amesikia Kiswahili cha mlimani. Ajabu ni kwamba "pole pole" ni agizo la kazi, mwongozaji anamlinda mgeni na ugonjwa wa urefu, lakini wenye kulitoa hawaendi pole pole hata kidogo. Wao wanampita mgeni njiani na mahema, wanakimbilia kambini ili akifika akute chai. Jamani, hadithi nzima imo katika ile kasi mbili kwenye njia moja, na waandishi wanaipita kama wanavyopitwa.

Msamiati nao unatusuta. Siku hizi nasoma kwa Kiswahili kwamba fulani "ameuteka mlima", "ameushinda Kilimanjaro". Tangu lini mlima unatekwa? Lugha ya misafara ya pwani ilikuwa na maneno ya kazi na ya uhusiano: kirangozi, mnyapara, mpagazi, mtumba, posho. Kila neno pale linakuambia nani yuko wapi kwenye mstari na nani anadaiwa nini na nani. Neno wagumu ni la ukoo huo, limetungwa na wenyewe, lina fahari na lina uchungu ndani yake. Kwa nini mwandishi Mswahili aliache, achukue "kuuteka"?

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika, kwa maana hadi hapa mtu anaweza kudhani ugomvi wangu ni na Wazungu. Sisi pia tunapanda milima ya wenzetu. Wilfred Moshi, mwongozaji wa Kilimanjaro, alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika Everest, mwaka 2012. James Kagambi akawa Mkenya wa kwanza, Mei 2022, akiwa na zaidi ya miaka 60. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Halafu Mei 2024 Mkenya Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki, alijaribu kufika Everest bila kutumia oksijeni ya mtungi. Akafia karibu kabisa na kilele. Afrika Mashariki ililia. Yalichapwa makala, tenzi fupi, kumbukumbu za marafiki, na mijadala mirefu kuhusu ujasiri wake.

Kirui hakuwa peke yake. Alikuwa na Nawang Sherpa, mwongozaji wake. Naye hakurudi. Katika habari nyingi nilizozisoma, za Kiswahili na za Kiingereza kutoka kwetu, Nawang alikuwa na sentensi moja. Hakuna aliyeuliza ameacha nani, alishapanda mara ngapi, alijaribu kumshawishi mwenzake ashuke au la. Kwa maneno mengine, siku Mwafrika Mashariki alipokaa kwenye nafasi ya Meyer, tulimwandikia Nawang pale pale alipokuwa Mwini Amani. Simlaumu marehemu, Mungu ampumzishe, wala sizilaumu familia zilizofiwa. Nawalaumu wenye kalamu, na hao ni sisi.

Hapa Doha suala hili si la mbali. Wanepali ni miongoni mwa jamii kubwa za wafanyakazi wageni. Wamo waliojenga viwanja vya Kombe la Dunia la 2022, wamo wanaolinda milango ya majengo tunayofundishia. Mlinzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba kila anayejua kwao ni Nepal humuuliza kama amepanda Everest. Nikacheka, nikamwambia na mimi huulizwa Kilimanjaro. Akasema mlima wao wa nyumbani wanaupanda kwa kuni na majani ya mifugo, na hakuna anayekupa cheti. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka Everest na kuua watu 16, wote wafanyakazi wa Kinepali waliokuwa wakiandaa njia na kupandisha mizigo. Watu hao na hawa wa mlangoni wametoka nchi moja na kwa sababu moja. Wengine wanapeleka mizigo juu, wengine wanakuja kuinyanyua kwenye nchi isiyo na mlima. Wasomi wa Kiswahili tulioko Ghuba tuna nafasi ya kuliona hilo kuliko wengi.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza: kitabu cha safari si daftari la mishahara. Sawa, lakini kitabu kinachodai kusimulia namna mtu alivyofika juu kimeahidi kusema alivyofika. Ukificha nusu ya namna, umeandika hadithi ya kubuni, na basi uiite hivyo. Ya pili: utalii unaleta ajira, tusiwatishe wageni. Mgumu akitajwa jina atamtisha nani? Mgeni anayejua jina la aliyembebea hema, na anajua alipaswa kulipwa nini, ndiye atakayeuliza langoni kama amelipwa. Ya tatu, na hii ndiyo ya maana: wagumu wenyewe hawataki kusumbuliwa na maswali, wanataka kazi. Huenda. Lakini uamuzi wa kunyamaza ni wao, tusiwanyamazie.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu tu. Kwanza, anayeandika safari yake aanze na orodha ya watu aliopanda nao, majina waliyokubali yatajwe, na mzigo wa kila mmoja. Litakuwa zoezi gumu kuliko usiku wa kilele, mtaona. Pili, walimu wa fasihi wamsomeshe Salim bin Abakari katika somo la fasihi ya safari, wamweke pamoja na Meyer, wanafunzi wabishane. Tatu, na hili lina haraka: wenzetu mlioko Moshi, Arusha na Dar, wakusanyieni wagumu wazee simulizi zao kwa Kiswahili chao wenyewe, ndefu, pamoja na za wale ambao hawakufika kileleni, na za waliolemaa.

Nasema lina haraka kwa sababu hata kile kitu cheupe kinaondoka. Kati ya mwaka 1912 na 2011 Kilimanjaro ulipoteza asilimia 85 ya barafu yake, na UNESCO mwaka 2022 ilitahadharisha kwamba iliyobaki inaweza kwisha ifikapo 2050. Wapo wazee Marangu na Machame walioiona ikiwa nene, walioipanda mamia ya safari wakiwa na mtumba kichwani. Wanajua ilianzia wapi na ilirudi nyuma mwaka gani. Mtaalamu anayo picha ya setilaiti, mgeni anayo picha ya simu. Wao ndio wanaoweza kutuambia ilikuwaje kuikanyaga mwaka baada ya mwaka, na wakiondoka hatutakuwa na wa kumuuliza.

Naomba kuwasilisha. Wenye hoja tofauti karibuni, hasa mliowahi kupanda, na zaidi sana kama yupo kati yetu aliyewahi kubeba.

Wasalaam,
Mwenzenu, Doha